Kwa nini mapambo ya tabaka huteremka, na namna ya kuyafanya yasimame

Msomaji wa Moshi ameandika hivi:

“Shikamoo mama. Ninaoka keki nyumbani, Pasua, huu ni mwaka wa tatu. Nimepata kazi ya keki ya send-off ya ghorofa mbili, na bibi harusi amenionyesha picha ya zile keki za mtindo wa kizamani, zenye marinda, makoja na nyuzi zilizopandiana ubavuni. Nimejaribu mara nne. Tabaka la kwanza linakaa vizuri, la pili linaanza kuteremka, la tatu linaangusha vyote. Natumia majarini na sukari ya aisingi, nina seti ya nozeli 48 za mfuko wa kukamulia. Sherehe ni Jumamosi ya mwisho ya Februari. Nakosea wapi? Au mkono wangu ndio mzito? Nimeambatanisha picha ya jaribio la mwisho.”

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Mkono wako si mzito. Picha yako nimeikuza nikaikagua kipande kwa kipande. Yale makombe ya pindo la chini yanalingana, na mkia wa kila kombe umefunikwa na kichwa cha linalofuata. Hiyo ni kazi ya mkono uliotulia. Kasoro iko kwenye koja la kwanza, pale juu: mikunjo ya nyota imelala, haina ncha tena, na uso wake unang'aa kama umepakwa mafuta. Mng'ao huo ndio unaonipa jibu. Batakrimu, yaani huo mchanganyiko wako wa mafuta na sukari, ilikuwa imeanza kulegea kabla hujaweka tabaka la pili, nawe ukaibebesha mzigo ikiwa katika hali hiyo.

Ukijua mtindo huu ulitokea wapi utaelewa kwa nini unakusumbua. Watu wengi wanauita Lambeth, kwa jina la Joseph Lambeth, fundi wa keki aliyezaliwa Uingereza na kupata sifa Marekani, ambaye mwaka 1934 alichapisha kitabu cha ufundi huo. Mafundi wa Uingereza walikuwa wakiufanya kwa aisingi ya ute wa yai, ile inayokauka ikawa ngumu kama chokaa. Wanapiga mstari, wanauacha ukauke, wanapiga mwingine juu yake kwa nozeli ndogo zaidi, wanauacha nao ukauke. Kila mstari ulikuwa umeshakuwa kitu kigumu kabla ya kubebeshwa mwenzake. Ndiyo maana waliweza kupandisha matabaka manne, matano, hadi pambo likatoka nje ya keki kama baraza.

Leo wateja wetu hawataki kuvunja meno. Wanataka sura ileile kwa batakrimu laini. Lakini batakrimu haikauki hata ukiisubiri wiki nzima. Inapata ganda jembamba juu, basi. Kwa hiyo umeiga mtindo uliobuniwa kwa kitu kinachokauka, ukaufanya kwa kitu kisichokauka, Moshi, mwezi Februari. Kinachochukua nafasi ya kukauka ni baridi. Kila mahali ambapo fundi wa zamani alisema “acha ikauke”, wewe sema “rudisha frijini”. Nitakayokuambia kuanzia hapa yanategemea hilo.

Tuanze na majarini. Majarini nyingi za kopo ni za kupaka mkate. Zimetengenezwa zilainike haraka, na zina maji mengi kuliko siagi. Maji hayo yanalegeza sukari, na ulaini huo ndio adui yako. Siagi halisi nayo ina mpaka wake: huanza kuwa laini kwenye nyuzi 20 hivi za sentigredi, na kati ya 32 na 35 inayeyuka kabisa. Kiganja chako kina joto zaidi ya nyuzi 30, na mchana wa Februari Moshi unafika huko bila shida. Siagi peke yake itakukimbia mkononi.

Mimi katika miezi ya joto nachanganya nusu kwa nusu: siagi gramu 250 na mafuta meupe ya mgando yasiyo na harufu gramu 250, kwa kilo moja ya sukari ya aisingi. Siagi inaleta ladha, na ikiingia frijini inakakamaa upesi. Mafuta ya mgando yanavumilia joto zaidi, kwa hiyo pambo likitoka frijini halianguki mara moja. Chumvi kidogo tu, kijiko kidogo cha vanila, na maziwa kijiko kimoja kimoja. Usimwage maziwa kwa mazoea. Siagi na mafuta vipige kwanza mpaka viwe vyeupe, kisha sukari kwa mafungu matatu. Mwisho punguza mwendo wa mashine uende polepole kabisa kwa dakika mbili, au koroga kwa mwiko ukikandamiza ukutani mwa bakuli, ili mapovu ya hewa yatoke. Povu moja likipita kwenye nozeli nyembamba, uzi unakatika papo hapo, na utadhani umekosea wewe.

Kwa keki ya inchi 10 chini na inchi 6 juu, andaa vipimo viwili vya namna hii, yaani kama kilo tatu. Utaona ni nyingi. Mapambo ya tabaka yanakula batakrimu kuliko unavyofikiri, na kuchanganya nyingine katikati ya kazi ni kujitafutia rangi mbili zisizofanana.

Sukari ichekeche. Najua wengi tunasaga sukari ya kawaida kwenye blenda ili kupunguza gharama, na kwa keki ya siku ya kuzaliwa ya mtoto hakuna ubaya. Lakini kwa nozeli yenye tundu namba 2, chembe moja isiyosagika inaziba kila kitu. Kwa kazi hii nunua ya dukani, uipitishe kwenye chekecheo jembamba kuliko yote uliyonayo. Batakrimu ya nyuzi peke yake naikamua kupitia soksi mpya ya nailoni iliyofuliwa na kukaushwa. Inachosha vidole, lakini tangu nianze kufanya hivyo nozeli yangu haijaziba tena katikati ya uzi.

Krimu ile ya kupiga, inayouzwa kwenye pakiti na wengi wanaipenda kwa sababu haina utamu mwingi, usiitumie hapa. Inabeba tabaka moja, kwa shida mawili, na uzi haiuwezi. Mteja aking'ang'ania krimu hiyo, mwambie mapema kwamba atapata keki nzuri ya aina nyingine.

Sasa vipimo, mahali ambapo wengi wanaharibu kazi kabla hata ya kushika mfuko. Jicho halitoshi. Keki ya inchi 10 ina mzunguko wa karibu sentimita 80. Kata ukanda wa karatasi ya kuokea wenye urefu huo na upana sawa na kimo cha keki, uzungushie keki kuhakikisha ncha zinakutana. Utoe, uukunje nusu kwa nusu, tena, na tena: mara tatu. Umepata sehemu nane, kila moja sentimita 10. Ukiwa bado umekunjwa, chora upinde unaoshuka katikati kwa sentimita 3 hivi, kisha kata kwa mkasi mara moja tu. Ukiufungua, una mapinde manane yanayofanana kabisa. Uzungushie tena kwenye keki iliyokwisha kupakwa na kukakamaa kwa baridi, na kwa kijiti cha kuchokolea meno chora upinde kwa kugusa tu. Ghorofa ya juu, yenye mzunguko wa kama sentimita 48, igawe sehemu sita, kila moja sentimita 8, na upinde ushuke sentimita 2 na nusu. Sehemu sita hazipatikani kwa kukunja nusu kwa nusu tu: kunja nusu mara moja, kisha kunja hiyo nusu iwe sehemu tatu kama unavyokunja barua.

Nimeona mafundi wenye mikono mizuri kuliko wangu wakikadiria kwa macho, koja la mwisho likawa jembamba kwa sababu nafasi imeisha. Mgeni hatajua kilichomkera, lakini atahisi keki imepinda.

Kuhusu nozeli 48, utahitaji sita. Nyota kubwa, namba 32 au 21, kwa pindo la chini. Nyota ndogo, 16 au 18, kwa makoja. Ya petali, 104, kwa marinda. Tundu duara namba 3 na namba 2, kwa kamba nyembamba na nyuzi. Na nyota ya 14 kwa viua vya kufunika maungio, pale mapinde yanapokutana. Zilizobaki zifunge kwenye mfuko uziweke mbali, zisikutamanishe.

Fikiria kanga. Inapendeza kwa sababu pindo limezunguka mji pande zote, kila kitu kina nafasi yake, na jicho linajua pa kupumzika. Keki ya tabaka inafuata adabu hiyohiyo. Ubavu una sehemu moja yenye utajiri, pale makoja yanapopita, na chini yake lazima pabaki uwazi. Ukijaza kila mahali, yale matabaka uliyoyahangaikia hayaonekani.

Mpangilio wa kazi uwe huu, na usiubadilishe mpaka utakapouzoea. Keki ikiwa baridi na ngumu, anza na marinda kwenye mstari wa upinde. Nozeli ya petali ina tundu kama tone lililobanwa: upande mmoja mnene, mwingine mwembamba. Mnene uguse keki, mwembamba utazame nje na chini. Kamua kwa nguvu moja isiyobadilika, huku kiganja kikipanda na kushuka kidogo sana, kama unavyotikisa mtoto mgongoni. Ukitikisa sana marinda yanakuwa mapana na mazito, na uzito huo ndio utakaoyavuta chini. Maliza mapinde yote manane, kisha keki iingie frijini dakika 15 hadi 20. Usiibe dakika hizo. Gusa rinda moja kwa ncha ya kidole: likibonyea, bado. Likihisi kama siagi iliyotoka frijini sasa hivi, endelea.

Tabaka la pili ni koja, na linapita juu kabisa ya marinda, likifunika ule ukingo ulioshika keki. Nyota ya 16 au 18, mfuko umeulaza kwa pembe ya nyuzi 45, unapiga msumeno mfupi wa kwenda na kurudi. Siri ya koja zuri ni nguvu ya kukamua. Anza kwa kugusa tu penye ungio, ongeza nguvu kadiri unavyoshuka, katikati ya upinde kamua vya kutosha litoke tumbo, kisha punguza ukipanda hadi uishie kwa kugusa tena. Koja lenye unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho linaonekana kama dawa ya meno. Koja lenye tumbo linatupa kivuli, na kivuli ndicho kinachofanya watu waseme keki “imejaa” hata kama ni nyeupe tupu. Rudisha frijini.

Tabaka la tatu ni kamba nyembamba ya tundu namba 3 inayopita juu ya mgongo wa koja, ikifuata upinde uleule. Hapa ndipo utakapoona maana ya kanuni ya mafundi wa zamani: kila tabaka liwe jembamba kuliko linalolibeba. Ukiweka kitu kizito juu ya chepesi, hata friji halitakuokoa. Baada ya kamba, ukipenda, piga nyingine ya namba 2 juu yake. Mimi mara nyingi naishia hapo, kwa sababu batakrimu ikizidi matabaka manne inaanza kuleta wasiwasi kuliko uzuri. Matano na sita nawaachia wanaotumia aisingi ya ute wa yai juu ya fondanti, ile sukari inayosukumwa kama chapati na kufunikwa juu ya keki.

Na hapo nikuonye jambo moja, maana najua utajaribiwa. Usipige nyuzi za aisingi ya ute wa yai juu ya batakrimu ukidhani utapata ugumu wa moja na ulaini wa nyingine. Mafuta ya batakrimu hupanda polepole kwenye ile aisingi na kuilainisha, na saa chache baadaye nyuzi zinakatika moja moja. Juu ya fondanti inakaa. Ukiifanya siku moja, kipimo ni ute wa mayai matatu kwa sukari ya aisingi karibu nusu kilo, na matone machache ya limau kuimarisha ute. Bakuli na kipigio vipanguse kwa limau kwanza, kwa sababu hata alama ndogo ya mafuta inaua povu. Mayai mabichi yana hatari ya kuwaumiza watu, kwa hiyo kwa sherehe yenye wazee na wajawazito tumia unga wa ute uliokaushwa unaouzwa kwa waokaji.

Nyuzi za kuning'inia ndizo zinazotisha watu, na bila sababu. Kosa ni moja: watu wanazichora. Uzi hauchorwi, unaachwa uanguke. Gusa nozeli ya namba 2 penye ungio la juu, kamua hadi ishike, kisha vuta mfuko kuja kwako, mbali na keki kabisa, sentimita tatu au nne, huku ukiendelea kukamua taratibu. Uzi utaning'inia wenyewe kwa uzito wake. Ukiona umefika kina unachotaka, sogeza mkono hadi ungio linalofuata, gusa, acha kukamua, ndipo uondoe nozeli. Kama uzi unakatika kabla ya kufika, batakrimu ni ngumu mno: weka kwenye fungu hilo la nyuzi kijiko kidogo cha sharubati ya glukosi, ambayo inaipa mvuto isikatike, au matone ya maziwa kama huna. Kama uzi unarefuka wenyewe baada ya kuuacha, ni laini mno, ongeza sukari. Jaza mfuko robo tu. Keki iwe usawa wa macho yako: weka sahani ya kuzungushia juu ya sufuria kubwa iliyofunikwa, au keti kwenye kigoda. Ukiitazama keki kutoka juu, nyuzi zote utadhani ziko sawa, na ukiinama utakuta kila moja ina kina chake.

Viua vidogo vya nyota ya 14 vinakuja mwisho, kimoja kwa kila ungio. Kazi yao ni kuficha. Hata koja nalo limefunika ukingo wa marinda, na kamba imefunika mgongo wa koja uliotetereka. Kila tabaka linasitiri mshono wa lililotangulia. Kwa hiyo usipoteze dakika kumi ukirekebisha ungio ambalo kiua kitalifunika.

Joto la mkono wako nalo lipangie. Usijaze mfuko mmoja ukaushikilia nusu saa. Jaza miwili, kila mmoja chini ya nusu, ufanye kazi na mmoja huku mwingine uko frijini, ubadilishane kila baada ya mapinde mawili matatu. Kamua kwa mkono mmoja kutoka juu ya mfuko, mwingine uwe unaelekeza tu kwa kidole karibu na nozeli. Wengi wanakumbatia mfuko kwa mikono miwili kama wanakamua nguo, na wanashangaa mbona batakrimu imekuwa uji. Huku kwetu Arusha, kwenye mita karibu 1,400, Julai tunapata shida ya upande wa pili: batakrimu inagoma kutoka na tunalazimika kuuweka mfuko kwapani kidogo. Nyie mko chini ya mita 1,000, na Februari ni wenu kweli. Fanya kazi usiku, baada ya saa mbili, au alfajiri.

Bibi harusi atakuletea rangi za kamati. Kama ni bluu iliyokolea au nyekundu ya damu, usikubali kuipaka keki nzima. Rangi nyingi inalegeza batakrimu, inaacha uchungu ulimini na kuchafua meno ya wageni kwenye picha. Zaidi ya hayo, rangi nzito inameza vivuli, na bila vivuli matabaka yako yote yanaonekana kama tabaka moja. Pendekeza keki nyeupe au ya krimu, marinda yawe na rangi hiyo kwa kiwango hafifu, na rangi kamili ibaki kwenye viua vya maungio. Tumia rangi ya jeli, si ya maji, na uichanganye siku moja kabla, kwa sababu rangi hukolea ikilala.

Kabla ya siku yenyewe, fanya mazoezi bila keki. Chukua sufuria yenye upana wa inchi 10, uigeuze kichwa chini, uzungushie karatasi yako ya mapinde na upige mapambo kwenye ubavu wake. Ukimaliza, kwangua, rudisha bakulini, anza tena. Kwa mazoezi tumia mafuta ya mgando na sukari peke yake, bila siagi wala maziwa, na fungu hilo hilo litakutosha wiki nzima. Siku mbili za kwanza piga mistari tu: mitatu sambamba ya namba 3, juu yake miwili ikikaa kwenye mabonde, na juu yake mmoja. Hiyo ngazi ya tatu, mbili, moja itakufundisha mahali pa kuulaza mstari juu ya mwenzake kuliko maneno yangu yote. Kisha marinda, kisha makoja. Nyuzi uziweke mwisho.

Ratiba ya wiki yenyewe: Jumatano jioni oka, acha zipoe kabisa, uzifunge. Kama unatumia kipimo cha keki kutoka mtandaoni kilichoandikwa na watu wa pwani au Ulaya, punguza baking pauda kidogo, maana kwenye mwinuko keki hupanda haraka na kuzama katikati, na ukuta uliozama hauwezi kubeba koja lililonyooka. Alhamisi jaza katikati, paka koti la kushika makombo, friji, kisha koti la mwisho, uinyooshe kwa skrepa. Jamu au krimu ya katikati izungushie ukuta wa batakrimu ngumu kwanza. Ikivuja ubavuni, itateremka na mapambo yote. Ghorofa ya chini itie vijiti vitano vya kubebea, vyenye kimo sawasawa na keki, na ya juu ikae kwenye ubao wake. Ijumaa usiku piga marinda, makoja na kamba kwa kila ghorofa peke yake. Usizipandanishe nyumbani.

Umeme ukikatika Ijumaa, usifungue friji ovyo. Kuanzia Jumatano weka chupa za maji kwenye friza zigande, na zikishaganda zihamishie karibu na keki. Zitakuvusha saa kadhaa.

Usafiri nausema kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilichukua keki yenye nyuzi 32 kutoka Arusha kwenda ukumbi mmoja wa Moshi, safari ya kilomita kama 80. Niliipakata mwenyewe. Tulipopita matuta ya Boma Ng'ombe nikasikia moyoni kwamba kuna kitu kimeachia, na tulipofika nyuzi 11 zilikuwa zimekatika na kulala juu ya marinda. Sikuwa na mfuko wala batakrimu ya akiba. Nilizitoa zote kwa kibano, keki ikakatwa bila nyuzi, na mama wa bibi harusi hakusema neno ila alinitazama. Tangu siku ile sijasafirisha uzi hata mmoja.

Wewe ukumbi wako uko karibu, lakini barabara za mitaa ni zilezile. Kila ghorofa iende kwenye boksi lake, sakafuni mwa gari na si kwenye kiti, kiyoyozi kikiwepo kiwashwe mapema. Ukifika usifungue maboksi haraka. Keki iliyotoka frijini ikikutana na joto inatokwa na matone ya maji, na rangi itachuruzika. Iache ndani ya boksi lililofungwa kama nusu saa, jasho likaukie kwenye boksi. Kisha pandanisha, piga pindo la makombe pale ghorofa mbili zinapokutana, ndipo uchukue mfuko wa nyuzi uliokuja nao kwenye chombo chenye barafu. Chagua mahali pa meza mwenyewe, mbali na dirisha la magharibi, na mbali na ndafu. Watu wanaita ndafu keki ya Kichagga na hupenda kuziweka zote mbili pamoja kwa ajili ya picha, lakini mbuzi aliyetoka motoni anatoa mvuke kwa saa nzima, na mvuke huo utapanda moja kwa moja kwenye makoja yako. Omba mita moja na nusu kati yao, na nyama ije mezani dakika za mwisho.

Nyuzi nane za chini na sita za juu, kwa mkono wako ule niliouona kwenye picha, hazizidi dakika 25. Fika saa mbili kabla ya wageni, umalize na viua, na uondoke na mfuko wako ukiwa na batakrimu ya akiba ndani yake hadi keki itakapokatwa.